Mpini wa Masanja

Jumatatu, 3 Novemba 1952
Kusahihisha madaftari ya hesabu. Jioni kwa Sista wa misheni, somo la Kiingereza. Neno la leo: ability. Uwezo wa kutenda. Kipaji. Zamani, hata utajiri. Mwenye ability alikuwa mwenye mali. Nikacheka. Basi baba yangu hana hata chembe. Asili ya neno tutasoma wiki ijayo.

Alhamisi, 6 Novemba
Mama yake Masanja, mchumba wangu, ametuma neno. Hataki mkwe wa chaki. Nimwoneshe kulima kwanza, ndipo ng'ombe wa mahari waende kwa baba. Vidole vyangu vitatu vya mkono wa kulia havikunjiki tangu nilipoungua utotoni. Naogopa. Nampenda Masanja mpaka naona haya.

Ijumaa, 7 Novemba
Masanja kaleta jembe. Mpini kachonga mwenyewe, mwembamba, kafunga kitanzi cha ngozi cha kupitisha mkono. Nimejaribu nyuma ya nyumba. Limekaa mkononi! Nimelima mpaka jasho likaingia machoni. Kesho wataniona.

Jumamosi, 8 Novemba
Shambani kwa kina Masanja, ng'ambo ya Mhunze. Wanawake mstari mmoja, wimbo, majembe juu. Sikuachwa nyuma. Shangazi yake akapiga vigelegele. Kisha mama yake akaniomba jembe, aonje udongo wa upande wangu. Mkono wake ukagusa kitanzi. Akasimama.

"Mwanangu, wewe hushiki jembe. Jembe ndilo linalokushika."

Wimbo ukakatika. Masanja alikuwepo. Angesema neno moja tu. Akainamisha kichwa. Nimerudi kwa miguu na jembe langu begani. Moyo umevunjika, basi.

Jumatatu, 10 Novemba
Sista kafungua kamusi yake kubwa. Kumbe ability imetoka Kilatini, kwenye neno la kushika. Mwanzo ilisemwa hata juu ya kitu: kinachoshikika vizuri, kinachokaa mkononi. Nikalia palepale. Sista akadhani somo limenishinda, akanipa maji. Masanja alilijua hili bila kamusi, kwa kisu na ngozi. Alijua, na bado akanyamaza. Siwezi kumsamehe.

Ijumaa, 28 Novemba
Ng'ombe wa Masanja wamepita mbele ya shule asubuhi, wakipelekwa kwingine kwa posa. Watoto wakakimbilia madirishani. Sikuwazuia.

Mvua ilinyesha mchana. Jioni nimepanda viazi nyuma ya nyumba, matuta mawili. Sina jembe jingine. Nikapitisha mkono kwenye kitanzi. Limekaa.