Nilianika Udaga Juu ya Majani ya Sabiha

Majani yamechipua! Leo asubuhi nimeinama mwenyewe, nimeona vijani vinatoka pale palipokuwa pamekauka, nikapiga vigelegele mpaka majirani wakadhani binti kapata mchumba.

Mpendwa mshauri, nisamehe nimeanza kabla ya salamu, furaha haina adabu. Hujambo, na wote hapo gazetini hawajambo? Mimi ni Mama Sabiha wa Nyasura, hapa Bunda, nashika kalamu unisaidie kabla furaha hii haijanitokea puani.

Kwanza ujue kwamba kwa watoto Mungu hakuninyima. Sabiha wangu amesomea bustani chuoni, cheti anacho, mimi niliishia la saba lakini cheti hicho nimekitundika sebuleni na kila mgeni anakisoma atake asitake, na aliporudi nyumbani akasema mama, kazi haziji zenyewe, akachukua ule uwanja wetu wa nyuma uliokuwaga wa vumbi na kuku, akaleta ukoka kutoka Bukima kule ziwani, akapanda kichipukizi kimoja kimoja, akamwagilia, akakata, hadi ukawa kama zulia la msikitini, na zulia hilo, mshauri, ndilo duka lake, maana kuna mzee Baltazar wa Musoma anajenga nyumba ya wageni, amesikia sifa za binti yangu, na wiki ya Idi anakuja kuangalia. Akipenda, Sabiha anapanda eneo lake lote. Itakuwa kazi ya kwanza ya mwanangu.

Sasa baba yake, mzee Anuari, ni fundi wa kushona maturubai ya malori, ukiona lori limepita Bunda limefunikwa likafunikika, jua ni mkono wake. Mwaka huu akasema watoto wa mtaa nao wapate Idi ya kukumbuka, akaunga maturubai mawili, akakunja kingo akashindilia sponji ndani, ukatoka mserereko wa maji: unafungulia mpira huku juu, mtoto analala kifudifudi, anashuka mteremko wa uwanja wetu chwaa mpaka chini. Mimi na mdomo wangu huu ningenyamazaje? Nilitangaza sokoni, nikatangaza kwenye kikundi cha akina mama, hata dada yangu aliyeolewa Butiama nimempigia simu alete wajukuu.

Tukautandika juu ya majani kuujaribu, ukafaa. Sabiha akaniambia, "Mama, mkimaliza mlikunje turubai, majani yanataka kupumua." Nikasema sawa. Akaondoka kwenda Musoma kufuata mbolea, akakaa huko siku kadhaa kwa shangazi yake, na mimi mihogo yangu niliyokuwa nimeivundika imeshaiva, jua kali, turubai safi limelala pale limetandazwa kama linaniita, sasa wewe mwanamke wa Mara unaliachaje? Nikamwaga udaga wangu wote juu yake, nikauanika siku baada ya siku mpaka ukakauka, mweupe, ugali wake hujapata kuula.

Sabiha aliporudi akainua pembe moja ya turubai. Chini majani yalikuwa ya njano, yameiva kama mboga, yananuka. Alikaa tu hapo chini. Jirani yangu Mama Robi akachungulia juu ya ua, akasema, "We Mama Sabiha, hapo mmezika tembo?" Mwanangu akasema polepole, "Mama, mzee Baltazar atasimama hapa hapa." Tangu hapo ikawa ndiyo mama, hapana mama, basi.

Leo yamechipua, amecheka, tumekumbatiana, moyo umeshuka mahali pake. Lakini Idi hiyo inakuja na watoto wananifuata njiani, "Mama Sabiha, tunaserereka lini?" na siku sijaitaja, Sabiha anasema turubai haligusi tena majani yake, baba yake anasema hakushona kitu cha kufungiwa stoo, na mimi nimeshaalika nusu ya Bunda. Nivunje ahadi ya watoto au nimuudhi tena mwanangu? Nishike lipi?

Mama Sabiha, Nyasura.

*

Mama Sabiha,

Hongera kwa majani. Nimecheka, halafu nimekasirika kwa niaba ya binti yako. Unamsifia mtaa mzima, kisha anakuambia neno moja la kitaalamu, "mlikunje," unamjibu kwa mihogo! Ukipenda cheti chake, msikilize na mwenye cheti.

Ila usijitese. Ukoka una roho ngumu. Majani yaliungua, mizizi ikabaki. Na uelewe kosa lilikuwa nini. Turubai haliui majani kwa watoto kupita juu yake saa moja. Linaua kwa kukaa. Jua juu, unyevu chini, hicho ni chungu cha kupikia.

Usivunje ahadi, lakini leo, kabla hujapika, nenda kwa Sabiha umwombe radhi kwa mdomo, kukumbatiana hakutoshi. Kisha umuulize yeye mserereko upite wapi. Akisema haupiti, haupiti. Mzee Anuari atautandika kwenye uwanja wa mtaa na dunia haitaanguka.

Akikubali, upite mbali na pale palipochipua, hapo hata kuku asikanyage. Majani asiyakate wiki hiyo, yakiwa marefu yanakuwa kama mto wa kulalia. Pita na kiganja utoe mawe na vijiti, vifua vya watoto ni laini. Msipigilie vigingi ardhini, wekeni viroba vya mchanga kwenye kingo. Sabuni ya unga marufuku! Najua mnavyopenda povu, lakini inachoma macho na inachoma majani. Watoto wataharibu zaidi pale wanaposubiri zamu, kwa hiyo foleni ikae barazani, na maji ya chini yachimbiwe mfereji yaende kwenye migomba. Mtu mzima juu, mtu mzima chini, mtoto ashuke mmoja mmoja. Wakienda kula pilau, liinueni lisogezwe kando. Wakimaliza, likunjwe saa hiyo hiyo. Na udaga wako, mama, una paa la bati.

Sasa mzee Baltazar. Mtu anayejenga nyumba ya wageni hanunui majani ya kuangalia, wageni wana watoto. Kama Sabiha ataridhia, ampigie simu aje siku ya mserereko ayaone yakikanyagwa. Akiuliza kile kiraka, asimfiche: mama aliyafunika, mimi nimeyarudisha. Hakuna mtihani atakaompa mkubwa kuliko huo.

Sabiha akisema ndiyo, hapo fungua mdomo wako, nakuruhusu. Watoto wa Nyasura, dada yako na wajukuu wa Butiama, mzee Baltazar kutoka Musoma, wote waambie waje Idi pili, baada ya swala ya adhuhuri.