Siku Walipoupa Mchoro Wangu Mgongo

Kamina, Jumapili baada ya misa

Yaya Stefano, kaka yangu mpendwa,

Nakusalimia wewe, shemeji, watoto, na kila anayelala chini ya paa la baba. Miguu ya Mama imepungua kuvimba? Niambie ukweli, si ule ukweli wako wa kunituliza. Mimi ni mzima, isipokuwa mafua ya vumbi la huku na hamu ya migebuka ya ziwani kwetu. Hapa tunakula samaki wa kukausha wa Kinkondja, wanafika kwa baiskeli, na wenyeji wanawasifu hivi kwamba naona haya kuwaambia tulichozoea sisi watu wa Kalemie.

Najua unasubiri jibu. Baba amenitafutia nafasi ya ukarani bandarini, na mkuu wake hawezi kuishikilia zaidi ya mwisho wa mwezi huu. Nilikuahidi hivi: wazee wa huku wakikikataa kitabu changu cha michoro, napanda treni narudi. Basi soma polepole, usirukie mwisho kama kawaida yako.

Kitabu chenyewe padri wa parokia ndiye aliyekiomba, cha katuni, kwa ajili ya shule zake, ili watoto wajue habari za machifu wa Baluba, wenyeji wa huku. Mimi sikutaka kuanza na majina na vita. Nikachukua neno moja tu, upinde, nikalifuata kila linakokwenda. Yaya, sikujua neno la kawaida namna hiyo linaweza kunitembeza hivyo. Huku upinde si wa kuwindia tu. Chifu ana wake, ndio alama ya utawala, unatunzwa ndani na hautolewi ovyo. Nikimuuliza mtu habari za upinde namwona anakaa vizuri kwanza, anashusha sauti, kisha ananianzia kwa babu wa babu yake.

Halafu kuna Papa Kalonji, jirani yangu, mpiga gita. Ni Mukasai, mtu wa asili ya Kasai. Watu wake walifukuzwa huku Katanga miaka ile ya tisini, wengi hawakurudi tena. Yeye alirudi kwa sababu, anavyosema, gita lake lilikuwa limezoea mvua ya hapa. Siku moja nikiwa jikoni alikuja na fimbo iliyopindwa kwa kamba moja. Akaiweka kwenye midomo, akaigonga kwa kijiti, na sauti mbili zikatoka kwenye kamba ile moja, moja juu, nyingine ikitembea chini yake.

"Minyi nilianza na hii," akaniambia. "Mbele ya kuona gita. Hii nayo iko upinde."

Niliunguza ugali wangu wa bukari siku ile, na sikujuta. Nikamchora, mashavu na yote. Nikachora upinde wa mwindaji, upinde wa mvua, na hata ule mstari uliopinda ambao wewe ulinifundisha kuuweka nyuma ya jiwe lililorushwa, ule tuliouita upinde mimi na wewe tu. Nikaona neno hili linawatosha mfalme, mwanamuziki na wachoraji wawili wa Kalemie, nikalipenda kama mtu anavyompenda rafiki asiye na majivuno.

Ilibaki ruhusa ya wazee, maana historia ni yao. Jumamosi iliyopita walikuja kutoka kijijini kwa chifu, wakajaa mabenchi ya ukumbi wa parokia. Mbele kabisa alikaa Mama Ngoie, shangazi wa chifu, ambaye neno lake ndilo litakalorudishwa kwa chifu. Nilikuwa nimechora kurasa zote upya kwenye karatasi kubwa. Papa Kalonji alizibana moja moja kwenye waya kwa vibanio vya nguo, na kwa kila moja akapiga gita kidogo. Walicheka kwa mwindaji. Kwa ule upinde wa midomo mzee mmoja alitikisa mabega.

Ukafika ukurasa niliouona bora kuliko zote. Upinde umetolewa, na chifu ameketi katikati ya watu wake anakunywa kibuyu, kichwa amekirudisha nyuma. Unajua kwetu: mwenye nyumba asiyekula na wewe amekudharau. Basi mimi nikamheshimu chifu kwa kumnywesha mbele ya wote.

Gita likanyamaza. Wazee wakainuka, benchi kwa benchi, wakageuka. Mama Ngoie akavuta kitenge chake akafunika uso. Ukumbi mzima ukawa migongo. Padri alikuwa anatazama viatu vyake. Machozi yalinitoka, Yaya, sikufichi. Nilijiona tayari ndani ya treni, nikajiona bandarini nagonga mihuri hadi uzee.

Ndipo Mama Ngoie akauliza, bila kugeuka, "Amemaliza kukunywa?"

Sikuelewa. Papa Kalonji akanijibia: "Bado kidogo, Mama." Akaenda taratibu, akaibandua karatasi, akaikunja. "Sasa amemaliza."

Wakageuka, wakaketi, wakapiga makofi yale madogo ya heshima. Mama Ngoie akaniita karibu.

"Mutoto, weye haukuzaliwa huku. Mufalme akikunywa, muntu hamuangalie. Tunageuka. Hiyo njo heshima."

"Lakini Mama, ile ni karatasi."

"Tulijua iko karatasi. Lakini upinde iko pale, na vile anaikala katikati ya watu, njo yeye mwenyewe. Tungefanya namna gani?"

Kitabu wamekikubali. Ukurasa ule tu ndio walioniomba nibadilishe, watoto wasije wakamwona chifu akinywa. Sasa nimechora mkeka umeshushwa, na mbele yake watu wote wamegeuka, mzee kwa mtoto. Papa Kalonji anasema ndio ukurasa mzuri kuliko zote, na chifu haonekani hata kidole. Watu hawa nawapenda, Yaya. Sijui kulisema vinginevyo.

Nisalimie Mama na umkande miguu kwa niaba yangu. Nisalimie shemeji, mjomba wetu fundi wa mitumbwi, na bibi aliyetulea, apigiwe sauti kwenye sikio lile linalosikia.

Baba mwambie wewe mwenyewe, akiwa ameshakula. Ile nafasi ampe mtoto wa shangazi. Ataumia, na mimi naumia kumkatalia, maana najua aliwainamia watu gani ili aipate. Usimdanganye kwamba nimepata kazi nzuri, sijapata, padri mwenyewe hana kitu. Mwambie tu kwamba watu wazima waliona mtu niliyemchora mimi, wakamwonea haya kama wanavyomwonea mtu hai. Sijui mtu anarudije nyumbani baada ya hapo.

Mdogo wako,
Furaha