Ngamia wa Bustani Wameondolewa

Bula Pesa,
S.L.P. 417,
Isiolo.
14 Septemba 2025

Mpendwa Abuya Dadacha, mjomba wangu,

Asalaam aleikum. Kwanza uniwie radhi. Barua yako niliipata kabla ya Ramadhani na jibu ndilo hili sasa. Si dharau. Nikikaa kuandika, mdogo wake mwanangu Tari analia. Nikimlaza, Tari mwenyewe anataka kugeuzwa, na nikimaliza kumgeuza mkono umeshachoka. Ulisema nipige simu, lakini kila nikianza habari hii kwa simu sauti inakwisha, nawe unabaki kusema haloo, haloo, ukidhani ni mtandao. Ndiyo maana nimeamua kuandika.

U hali gani? Mgongo uliokusumbua umepata nafuu, ama bado unainama chini ya malori huko gereji Changamwe kama kijana? Na mke wako Sadiya, homa ilimwacha? Sisi tu wazima, alhamdulillahi, ila uchovu tu na vumbi la upepo huu wa Septemba.

Mume wangu Gollo yuko Sericho na mifugo tangu mvua ikatae. Akipata mtu wa kuja mjini hutuma salamu. Maji yako mbali sana huko, kwa hivyo simwambii mengi ya hapa, asije akalemewa pande zote mbili.

Ile sponji uliyotuma ilifika salama. Niliikata nikaishonea kitambaa, na Tari anaiegemea akila. Ahsante sana. Mdogo wake ameota meno na ananing'ata.

Sasa habari yenyewe. Ngamia wa bustani wameondolewa.

Najua hapo umeweka barua chini kidogo. Wewe ndiye uliyenipandisha pale mara ya kwanza, siku ya Idd, ukakimbia kando yangu umenishika mguu huku nikikufokea uniache. Ngamia wale wale wa mbao wa kuzunguka, na matandiko yao yenye miti mbele na nyuma, kama ya kuhamia. Miji mingine ina farasi. Sisi tulikuwa na ngamia, na mgeni yeyote akija mjini tulimpeleka kuwaona.

Tari unamjua, mgongo wake haushiki tangu azaliwe. Ukimkalisha kitini anaporomoka kama gunia lililojaa nusu. Lakini juu ya ngamia, ule mti wa mbele ukimzuia tumbo na wa nyuma ukimzuia kiuno, na kile kitu kikizunguka polepole, alikuwa anakaa. Anakaa mwenyewe! Kichwa juu, anapungia watu mkono kama chifu. Mwalimu Kajuju wa shule ya hapa karibu alimwona siku moja akaniambia, "Mama Tari, akiweza kukaa hivyo darasani bila kushikwa, Januari mlete, nitampokea." Tangu hapo sikukosa Jumamosi hata moja. Ilifika mahali namteremsha kwenye benchi na bado amekaa wima, muda wa kumfunga viatu, ndipo anainama.

Mzee Mutwiri aliyeijenga bustani alizeeka, akarudi kwao Meru, ikabaki mikononi mwa mpwa wake, Gichunge. Kwanza alifunga treni ya watoto, akaweka kibao cha kusema inakarabatiwa. Kibao kimepauka hadi leo. Kisha bembea za minyororo, kisha mtelezo. Kila mara tulijiambia, haya, angalau ngamia wapo.

Kabla ya Ramadhani Gichunge akatuita wazazi. Kulikuwa na hema, soda na sambusa za moto. Akasema vitu vya zamani vitapisha vya kisasa, basi. Ngamia hakuwataja, na hakuna aliyeuliza, midomo ilikuwa na kazi. Mwisho akamwomba Mzee Ahmednasir afunge kwa dua. Wewe unajua kwetu: dua ikisomwa, hata kama una kinyongo unafungua mikono na kuitikia. Kunyamaza ni kama kulaani. Mzee akaomba, "Ee Mola, alichokusudia kijana huyu kwa mahali hapa, mfungulie njia." Sisi tukasema amin, Wameru wakasema amina. Tari alikuwa mapajani mwangu, akaitikia kwa sauti kuliko sisi wote.

Idd ilipofika tukaenda, watoto na nguo zao mpya. Pale ngamia walipozunguka pamewekwa vigae, na ukuta wa maua ya plastiki, na kiti cha umbo la moyo. Ni cha maharusi kupigia picha. Watoto walisimama wakiangalia ule ukuta, wengine wakakaa chini kwenye vigae na gauni zao. Tari akaniuliza, "Aayo, ngamia wamekwenda malishoni?" Nikamwambia ndiyo.

Watu walikasirika, usidhani walinyamaza. Vijana waliokulia pale walifungua kundi la wasap, Rudisha Ngamia, lakini nusu yao wakataka treni kwanza na wengine bembea, wakatukanana wenyewe kwa wenyewe. Jumamosi moja tulisimama langoni wengi. Mwendesha boda akatucheka, "Mama mzima unalilia farasi wa mbao!" Msichana mmoja akamrukia, "Ni ngamia, wewe! Hata hujui unachotucheka!" Tulicheka kidogo hapo. Ndiyo mara ya mwisho kucheka.

Gichunge akatoka, hana hata hasira. Akasema, "Jamani, nimewakosea wapi? Si mlikula? Si dua ilisomwa mkaitikia? Kama mnataka kurudisha amina yenu, irudisheni sasa, mzee huyu hapa."

Abuya, niambie wewe. Nani atarudisha amin? Na kama ikirudi, inarudi na nini nyumbani kwake? Mzee Ahmednasir alisimama na fimbo yake, akasema, "Mimi nilimwombea mtu. Sikuliombea shoka lililo mkononi mwake." Lakini na yeye hakusema kwamba dua imeondolewa. Watu wakaanza kwenda mmoja mmoja. Jirani yangu akanivuta shuka: "Wacha, Abiba. Na wewe ulikuwepo ukaitikia." Wiki iliyofuata wengi wao walikuwa ndani, wanapiga picha kwenye kile kiti. Siwalaumu. Watoto wanataka kutoka, na mahali pengine hakuna.

Lakini Tari amerudi nyuma. Mgongo ule niliouona ukisimama umelala tena. Mwalimu Kajuju alipita mwezi wa nane, akamtazama, akanishika bega, akasema, "Tutaona, mama." Najua tutaona ya mwalimu maana yake ni nini.

Halafu nikasikia ngamia wameuzwa kuni. Kaari, mpishi wa hoteli moja ya nyama barabara ya Ngaremara, aliletewa kuni, akawakuta ndani ya mzigo. Nilikwenda na mtoto mgongoni. Wengi walikuwa wameshapasuliwa. Wawili alikuwa amewaficha nyuma ya tangi.

Akaniambia, "Kuni ni kuni, lakini hivi vina macho. Nikiinua shoka vinaniangalia. Chukua kabla bosi hajarudi."

Nikamuuliza, "Na wewe utapikia nini?"

"Akiuliza, kuni nitamfanya yeye."

Niliwaleta kwa mkokoteni. Sasa wako uani, wameegemea ukuta. Nilimpandisha Tari siku hiyo hiyo, akafurahi, kisha akaanguka upande. Ngamia aliyesimama tu hamsaidii. Ni kule kuzunguka kunakoufanya mgongo wake utafute kukaa. Fundi wa kuchomelea hapa mtaani amesema atachimbia nguzo uani na kuweka mkono wa kuzunguka, watoto wa jirani wasukume. Kazi yake anatoa bure. Nguzo anayo. Chuma kingine hana.

Kwa hivyo nakuomba wewe, na sikuombi pole. Pole nimepewa na mji mzima, haikalishi mtoto. Usinitumie pesa, zitaliwa na unga. Tuma vitu vyenyewe, na vije mwezi huu, kwa sababu Januari haingoji, na mtoto akivuka mwaka mwingine nyumbani watu watazoea kwamba mahali pake ni nyumbani. Mimi sitaki wazoee.

Nisalimie Sadiya na wanao wote, na mwambie yule mkubwa asome. Gollo akisikika nitakufikishia salamu zake. Mola akuondolee maumivu ya mgongo, na riziki yako isikutoroke. Barua inakuja na dereva wa lori la mbuzi. Akirudi tupu amekubali kubeba mzigo.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye bila kupunguza,
Abiba.

Vitu vinavyobaki ni hivi:

Beringi mbili kubwa za gurudumu la lori. Zilizotumika ni sawa, mradi hazichezi.

Mkanda wa usalama wa gari na kifungo chake, usiwe umechanika.

Bolti nene nane, urefu wa kiganja, na nati zake. Fundi amesema usisahau nati.

Grisi, kopo dogo.

Bomba la chuma. Fundi anasema la ngamia mmoja lingekuwa fupi na rahisi kubeba. Wewe tuma refu, la kubeba wote wawili. Tari hawezi kuzunguka peke yake uani kama punda wa kisima. Lazima mtoto mwingine awe mbele yake, apate wa kumfukuza.