Malori Nyuma ya Kilima

Mtongwe, Likoni
Jumanne

Baba yangu Mzee Shee,

Nakushika miguu, wewe na Mama. Naomba barua hii iwakute wazima, na kifua cha Mama kiwe kimepoa sasa mvua zimekatika. Mimi sijambo, alhamdulillahi. Kazi ya useremala ipo. Huku kila baraza ni maneno ya uhuru tu, na Wazungu wengine wameanza kufunga virago. Masanduku yao tunayapigilia misumari sisi, kwa hiyo silalamiki.

Lakini leo sikuandikii habari za kazi. Barua hii, Baba, tafadhali isome mwenyewe, usimpe Ami Kombo akusomee.

Kuna kapteni mmoja mstaafu wa jeshi hapa Likoni, Bwana Tomasi. Aliniagiza meza kubwa yenye kingo pande zote. Nikadhani ni ya kulia chakula, kumbe ni ya kutia mchanga. Kisha akataka nimchongee vifaru vya vita vya kuenea kiganjani, na malori madogo ya kufuata nyuma. Wakati wa vita vya Wajerumani alikuwa jangwani kama wewe, ila yeye alikuwa ndani ya kifaru. Sasa alitaka kuipigana tena siku moja ya vita vile, juu ya meza, kabla hajarudi kwao. Kifaru husogezwa kwa kupimwa kwa futi, kisha hutupwa dadu, nazo ndizo zinazosema kama kombora limepata au limekosa.

Wa kucheza naye ni Bwana Emil, Mjerumani, fundi wa mitambo katika kiwanda cha saruji kule Bamburi. Naye alikuwa jangwani, upande wa pili. Walijuana hapahapa Mombasa, wakawa marafiki wa kunywa chai na kutaniana.

Jumapili nikaitwa niweke mchanga sawa na kuondoa vifaru vilivyopigwa. Walipokaa tu, Bwana Tomasi akasema, "Omari, dadu utatupa wewe. Huyu simwamini mkono wake." Bwana Emil akajibu, "Hata mimi sikuamini wako." Ulikuwa mzaha, lakini hakuna aliyecheka.

Baba, mimi nimezoea kuona watu wakicheza bao, wakipigiana kelele na kutukanana. Hawa hawakupiga kelele. Kila nikitupa dadu wananitazama mkono. Bwana Tomasi jasho lilimlowesha shati mgongoni, na baraza yenyewe ina upepo. Chai ikapoa, hakuna aliyeigusa. Nikaanza kuogopa, wallahi, na mbao zile nimezichonga mwenyewe.

Ikafika zamu ya Bwana Emil. Akakizungusha kifaru chake nyuma ya kilima, kikatokea kwenye malori.

"Hapo huwezi kupiga," akasema Bwana Tomasi. "Siku ile malori hayakuwako hapo. Nimeyaweka kwa kupendeza tu."

"Yalikuwako."

"Nakwambia hayakuwako! Mimi nilikuwako!"

"Hata mimi nilikuwako," akasema Bwana Emil, pole pole. "Malori ya maji. Tuliyachoma."

Sijui nini kilinifungua mdomo. Nikasema, "Baba yangu alikuwa dereva wa lori la maji huko jangwani."

Wakanigeukia wote wawili. Bwana Emil akaniuliza kama u hai. Nikamwambia u hai, ila sikio moja halisikii. Nikamwambia na lile neno moja ulilowahi kutuambia, kwamba rafiki yako Katana wa Kaloleni alikuwa mbele yako, akaungua ndani ya lori lake.

Bwana Tomasi akanisukumia dadu. "Tupa, Omari. Huu ni mchezo. Tuumalize."

Nilizishika, Baba, lakini mkono ulikataa kufunguka. Bwana Emil akaushika mkono wangu, akazitoa dadu moja moja, akaziweka mezani. Kisha akaniambia kwa Kiswahili chake kile cha kiwandani, na mimi nakuandikia vile nilivyomwelewa.

Alisema lori la kwanza lilishika moto. La pili likageuka, likaupita moshi, likawa limeokoka. Dereva wake akalisimamisha, akaruka, akarudi mbio kwenye lile linalowaka. Akaushika mlango kwa mikono mitupu. "Nilimfyatulia risasi," akasema. "Nikamkosa. Mwenzangu akaniambia, piga tena. Nikamtazama anavyouvuta ule mlango. Sikupiga tena."

Nilitaka kumpiga kofi na nilitaka kumshika mkono, na sikufanya lolote. Nilikuwa nikiiona mikono yako, Baba. Tangu utoto wangu twaambiwa makovu yale ni ya mafuta ya taa.

Bwana Emil hana hakika kama dereva yule ni wewe. Mimi pia sina. Malori yalikuwa mengi, na watu wetu walikuwa wengi. Bwana Tomasi akaondoka, akaenda kusimama bustanini, ametupa mgongo. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, akaifunika ile meza kwa shuka. Mchezo ukaishia hapo.

Jana Bwana Emil alinifuata kazini. Anaomba tuje naye Faza siku za Idi, akuone. Sikumjibu, kwa sababu jibu si langu. Ukisema asije, nitamwambia asije, wala sitakuuliza sababu. Ukisema aje, nitamleta mimi mwenyewe mpaka mlangoni.

Mama msalimie sana, na haya umwambie ukipenda wewe. Nisalimie dada yangu Mwanaesha na mumewe, Ami Kombo na wanafunzi wake wa chuo, na bibi yetu mzaa mama, umwambie kitanda chake nakichonga.

Baba, ulirudi kwa Katana? Niandikie hata neno moja.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Omari