Kibanja Chetu Ukutani

Ihanda, Jumapili jioni

Mwanangu Projest,

Huko Mwanza mnaendeleaje? Hapa ng'ombe wa jirani amezaa, kahawa imeiva, na mimi mama yako nimekuwa jaji. Usicheke. Usharika ulitaka picha moja ya kuchapwa kwa ukubwa wa ukuta, itundikwe ukumbini, nami nikachaguliwa kati ya waamuzi. Picha zililetwa bila majina, tukazipanga mezani.

Moja ilipigwa kutoka ng'ambo ya bonde: kibanja chenye nyumba katikati ya migomba, majani makavu yamening'inia hadi chini. Kwetu, majani yakiachwa hivyo bila kukatwa, ujue mwenyewe amekufa au amehama. Mwamuzi mwenzangu, Mwalimu Niyigena, akasema, "Hii ndiyo. Tazameni nyumba iliyoachwa!" Wote wakakubali.

Mimi niliutambua mlango wa bluu wa nyumba ile, maana uliupaka wewe. Nikaipigia kura nyumba yangu mwenyewe.

Leo baada ya ibada wameitundika. Ilivyokuzwa, mlangoni pameonekana mtu ameketi, amejifunga kitenge cha njano. Niyigena akakitazama, kisha akakitazama nilichovaa: ni kilekile.

Nikamwambia, "Usijali, mwalimu. Hata mimi huwa nadhani hakuna mtu."

Bega langu halinyanyuki tena tangu masika, majani ya migomba siyafikii; sikutaka kukusumbua. Panga lako lipo palepale, nyuma ya mlango.

Ni mimi mama yako,
Kokugonza