Jiwe Alilolifia Wade

Lake George, Colorado
Februari, baada ya kurudi kutoka Tucson

Dada yangu Avis,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Lowell, na kwamba mvua za huko Oregon hazijawachosha. Sisi huku tupo. Theluji imefika usawa wa dirisha la jikoni. Baba sasa anapumulia mashine mchana kutwa, si usiku tu kama ulivyomwacha, na chakula hali mpaka nimkalie. Simu ikilia anauliza kama ni wewe, hata akijua ni muuza kuni.

Ningekupigia, lakini simu iko karibu na kiti chake, na haya sitaki ayasikie.

Unakumbuka tulivyoambiwa siku ya kumzika ndugu yetu Wade. Royce Dunkley, aliyekuwa akichimba naye, alisimama sebuleni kofia mkononi akasema hawakuwa wamepata kitu msimu mzima, na kwamba asubuhi ile Wade aliingia shimoni kuchota maji ya mvua tu, ukuta ukamporomokea. Tuliamini. Baba akafunga kitalu chetu cha kuchimba mawe, akaapa hakuna atakayegusa kilima kile tena.

Basi mwezi uliopita mteja wa zamani wa Baba akapiga simu kumpongeza. Alimwambia kwamba kwenye maonyesho ya mawe ya Tucson mwaka huu kila mtu anazungumzia kipande kimoja tu: amazoniti ya kijani, pana kama sinia, na fuwele za kwatzi nyeusi zimesimama juu yake, aliyoichimba Royce kwenye kilima chetu sisi akina Penhale. Baba aliweka simu chini. Halafu akaniita.

“Yule kijana kamwibia maiti,” akasema. “Nenda Tucson, Nedra. Litafute mpaka ulione. Ukiliona, mwite mwizi mbele ya wote wanaonijua.”

Nikamwambia tangu Wade afe sitaki hata kuona mawe. Akajibu kwamba hajanituma nikayapende.

Nilikuwa na sababu yangu pia ya kwenda. Waliponirudishia nguo za Wade, nilikuta kwenye mfuko wa suruali fuwele moja ya kijani, nene kama kidole gumba, imevunjika shinani. Sikumwonyesha Baba, siku zile hata kiatu cha Wade kilimliza. Niliifunga ndani ya soksi, nikaenda nayo.

Tucson ni ile ile tuliyokuwa tukipelekwa utotoni. Vitanda vimetolewa nje ya vyumba vya moteli, meza na taa zimeingizwa, na watu wanapita mlango hadi mlango wameinamisha shingo kama waliopoteza pete. Nami nikainamisha yangu. Niliona mawe ya kila rangi, mengine ya kweli, mengine yamegundishwa usiku wa kuamkia maonyesho. Kila aliyekuwa na kitu cha kijani kutoka Colorado nilimwomba nikishike, nikigeuze, nitazame chini kama kuna kovu la kutoshea fuwele yangu. Mzee mmoja akanitania, “Taratibu, mama. Ukilivunja, umeolewa nalo.” Wenzake wakacheka. Nilipotaja jina la baba yangu kicheko kikakatika. Wakanipa pole, wakamsifu Wade kwa upole wake, kisha macho yao yakarudi mezani. Hakuna aliyemsifu kwa uchimbaji. Niliondoka na hilo moyoni zaidi ya pole zao.

Nililipata kwa Bi Ardith, yule aliyekuwa akitugawia peremende tulipokuwa wadogo. Lilikuwa nyuma kabisa ya chumba chake, ndani ya sanduku la kioo, na kibao kwamba haliuzwi. Avis, mimi na wewe tumekulia kwenye mawe, lakini sijawahi kuona kitu kama kile. Kijani chake ni cha maji ya ziwa asubuhi, na zile kwatzi nyeusi zinang’aa kama zimepakwa mafuta. Nilisahau kwa muda kilichonileta. Kisha nikaona kovu jeupe ubavuni, mahali fuwele moja ilipong’oka.

Bi Ardith alinifungulia kioo bila kuuliza. Nikatoa ile ya ndani ya soksi, nikaiweka kwenye kovu. Ikakaa. Huwezi kupitisha wembe. Bi Ardith akajishikia meza, akasema, “Ee Mungu wangu,” na papo hapo nikamwona Royce amesimama mlangoni na vikombe viwili vya kahawa.

Nilimwita mwizi. Nilimwita mfukuaji makaburi. Nilipiga kelele mpaka watu wakajaa mlangoni, kama Baba alivyotaka. Hakujitetea. Amekonda, dada, hata ndevu zimeingia mvi. Aliweka vikombe chini, akawaomba watu watupishe, akafunga mlango, akasema, “Umemaliza? Sasa kaa, nikwambie. Ukitaka kupiga kelele tena baada ya hapo, mlango nitaufungua mwenyewe.”

Akanisimulia. Uwazi wa mwamba lilimokuwa jiwe lile waliufungua siku moja kabla ya msiba, na Wade ndiye aliyeuona, kwa jicho lake mwenyewe, mahali Royce alipokwisha kupita bila kuuona. Ukuta wa juu ulikuwa umelowa. Wakakubaliana waufunike, kesho walete magogo ya kuuegemeza, ndipo wakate. Wade akaondoka na ile fuwele moja aje kumpa Baba mezani, maana ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Baba.

Wewe hukuwepo mezani siku ile. Mimi nilikuwepo. Majirani wote walikuwepo. Baba alikuwa na furaha, akaanza utani wake ule ule hata kabla Wade hajavua koti. “Haya, fundi, leo umeniletea kokoto gani? Mlima unamjua huyu, jamani. Ukimwona anakuja unaficha vitu vyake!” Watu wakacheka. Nilimwona Wade anatia mkono mfukoni, kisha anautoa mtupu. Nilidhani anatafuta leso.

Asubuhi alimpigia Royce kabla hakujapambazuka vizuri, akamwambia hatasubiri magogo. Royce akamsihi. Wade akasema, “Sikai tena mezani kwa mzee mikono mitupu. Leo nampelekea lote, nimwekee mapajani.” Royce alipofika, ukuta ulikuwa umeshashuka.

Nilimuuliza kwa nini alitudanganya. Akasema, “Ningemwambia nini mzee? Kwamba mwanawe alikufa kwa ajili ya utani wake?” Kisha majira ya kupukutika majani aliingia kitaluni kwa siri, akalitoa, kwa sababu theluji ingelisaga au wageni wangeliiba, na lilikuwa limeshamgharimu Wade kila alichokuwa nacho. Jumba moja la makumbusho linalitaka. Royce atawapa kwa sharti moja: liandikwe jina la Wade Penhale, aliyeligundua. Au nilichukue mimi, akasema, ni letu.

Nilikaa na lile jiwe siku nzima, Avis. Nikilileta nyumbani, Baba atauliza lilitoka lini na wapi. Jina likiandikwa, wateja wake watampigia kumpongeza, naye atahesabu mwenyewe siku tangu utani wake mezani, maana akili yake haijachoka kama mapafu yake. Nikamwambia Royce awape makumbusho bila jina. Akakataa. Nikamsihi kwa machozi, akakubali, akatoka nje akipangusa macho kwa kofia. Fuwele niliiacha mahali pake.

Sasa nikwambie nilichofanya, na unihukumu utakavyo. Nilimdanganya Baba. Nilipiga magoti mbele ya kiti chake nikasema nimeliona, si letu; Royce alilichimba kwenye kitalu cha mjomba wake, ng’ambo ya bonde, na mteja amekosea kilima. Baba akasema atamwomba Royce radhi. Halafu akataka nimwelezee jiwe lenyewe. Nikamwelezea kila upande, rangi yake, jinsi kwatzi zilivyosimama. Alifumba macho akisikiliza, akitabasamu kama mtoto anayesimuliwa.

Nilipomaliza akanipigapiga mkono. “Yule Royce ana jicho,” akasema. “Wade wetu alikuwa na moyo, Mungu amrehemu. Ila jicho hakupewa.”

Nilisema ndiyo, Baba. Nikaenda kumwekea supu.

Mwaka huu njoo kabla ya kiangazi, usisubiri. Msalimie Lowell na wanao, na ukijibu, tuma kwa anwani ya posta, si nyumbani.

Mimi mdogo wako anayekukumbuka sana,
Nedra