Dada Kabula, Ulirudi kwa Ajili ya Jina

Dada Kabula,

Nimekasirika. Nakwambia mapema usije ukadhani nimekaa hapa kukulilia. Kulia nililia kule Kakese siku tulipokuzika, mpaka mama yako mzazi akaniletea maji ya kunywa, kana kwamba mfiwa ni mimi na yeye ni jirani aliyekuja kuhani. Leo silii. Leo nina hasira, na ya kwanza ni yako wewe.

Kwa nini ulirudi?

Unakumbuka nilivyofika pale kituoni kwetu redioni, nimetoka chuoni na cheti changu, najiona mtangazaji? Nikakuletea habari yangu ya mafuriko: "Kaya kadhaa zimeathirika kufuatia mvua kubwa." Ukaisoma umesimama, chai mkononi.

"Evarist, humu ndani kuna watu?"

"Wamo, dada."

"Wako wapi? Mimi naona kaya. Kaya haipiki ugali, kaya haina homa. Nitafutie mtu."

Ukanituma sokoni kwa akina mama wa dagaa, ukaninyang'anya kalamu mlangoni. "Kasikilize tu. Ukirudi unisimulie kama unavyomsimulia mama yako." Nilirudi nikakutajia bei ya dagaa. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Bei hata wewe ulikuwa unaijua, ulisema. Ulichotaka ni nani alikuwa amenuna, na amenuna kwa nini. Nikarudi tena sokoni. Hivyo ndivyo nilivyojifunza makala, dada, kwa kurudishwa. Kila mara ulinirudisha. Nikileta maneno ya mheshimiwa mwanzoni, unayashusha chini: "Mheshimiwa asubiri, ana kiti. Anza na aliyesimama."

Na tulivyokuwa tunachekana kwa ndimi zetu! Wewe Msukuma, R kwako ni mgeni. Mimi ambaye kwetu tulitoka Burundi, L inanishinda, nilikuita Dada Kabura mwaka mzima. Mafundi mitambo walikuwa wanaacha kazi kutusikiliza tukisoma.

Sasa sikucheki. Sikiliza.

Masika yale mtoto wa kijiji cha Litapunga alisombwa na maji akitoka shule, kwenye lile daraja la magogo. Mhariri wetu aliisoma habari ile kwa pumzi moja, katikati ya tangazo la mnada na salamu za wasikilizaji. "Mwanafunzi mmoja amefariki dunia." Ulizima redio ya ofisini kwa kofi. "Mwanafunzi mmoja ndiyo nini? Mmoja kama gunia?" Ukaomba uifanyie makala. Akakujibu kuwa hiyo imeshapita, watu wanataka mambo mapya. Ukangoja siku yako ya mapumziko, ukakodi bodaboda, ukaenda.

Yaliyofuata nilisimuliwa na dereva wako, msibani. Alisema mahojiano na mama wa mtoto yalikwisha vizuri. Mlikuwa mmeshavuka, mko upande wa kurudi Mpanda, pikipiki inaunguruma. Ukamgusa bega azime. Ukaanza kulitamka jina la mtoto, la nyumbani, lile mama yake alilotaka litajwe redioni badala ya Anitha la kanisani. Niyonkulu. Niyonkulu. Ukatikisa kichwa. Ukamwambia, "Nisubiri kidogo. Siwezi kulitaja jina la mtoto wa watu hivi."

Ukarudi darajani. Na huko juu mvua ilikuwa imeshanyesha, maji yakakukuta juu ya magogo.

Mimi nilikuwa ofisini, dada! Simu iko mezani, nakula karanga! Ungenipigia. Shangazi yangu anaitwa Niyonkuru. Ningekutamkia mpaka ulimi wako uchoke, ungekuja kufanya mazoezi hapa hapa, mimi nakucheka na wewe unanirushia kandambili. Herufi moja! Ulinifundisha kila kitu halafu ukaenda kufa kwa herufi moja niliyokuwa nayo mimi mdomoni.

Nilikaa na hasira hiyo wiki nyingi. Ilikuwa rahisi kuibeba kuliko ile nyingine.

Maana ile nyingine ni ya kaburini kwako. Mheshimiwa mbunge alikuja na msafara. Akasema umeacha pengo. Akasema kwa heshima yako daraja la zege litajengwa. Na watu wakapiga makofi, dada. Makofi! Mchanga bado haujakaa sawa. Jioni ile mhariri wetu, aliyekula kwako Krismasi, akafungua taarifa ya habari hivi: "Mheshimiwa ameahidi ujenzi wa daraja." Wewe ulikuja baadaye, "mwandishi mmoja wa kituo hiki." Nilitoka nje nikaipiga teke ndoo ya mlinzi. Mlinzi hakunigombeza. Alikwenda akaiokota.

Basi nikaenda Litapunga. Kinasa sauti chako kilienda na maji, hakuna mwenye sauti ya yule mama. Nilisema naimalizia makala yako, nikuoneshe.

Nilimkuta Mama Anitha anabangua karanga uani. Nilipomwambia natoka redioni hakuinua hata uso.

"Sizungumzi na redio. Nyie mkija hapa mtu anakufa."

Nikamsalimia kwa Kirundi. Akanijibu kwa Kiswahili, makusudi. Nikarudisha kinasa sauti kwenye begi, nikavuta kigoda, nikaanza kubangua. Hakunikaribisha, hakunifukuza. Tulibangua mpaka kivuli cha nyumba kikatufikia. Ndipo akasema, bila kuniangalia:

"Yule dada yako, mimi ndiye niliyemwita."

Shamba lake linashuka mpaka mtoni, sijui kama uliliona. Alikuwa amekusindikiza kwa macho. Alikusikia uko ng'ambo unalisema jina la mwanawe kwa sauti, unalikosea, unalirudia. Tangu azike hakuna mtu mwingine aliyelitamka jina lile. Akapaza sauti kukusahihisha. "Kuru! Kuru!" Maji yalikuwa yameanza kupiga kelele, hukusikia vizuri, ukaweka mkono sikioni. Ukakanyaga magogo ili umsikie.

"Ningenyamaza," akasema, "angeenda zake."

Ulinifundisha kuuliza, dada, hukunifundisha cha kusema mtu akishajibu. Nilitaka kumwambia si yeye, ni magogo yaliyooza, ni wale wanaopita pale kwa gari refu kila uchaguzi. Niliendelea kubangua, na ile hasira niliyokuja nayo juu yako sikujua niiweke wapi. Nilipoinuka kuondoka akaniuliza, "Hicho chombo chako kinafanya kazi?" Nikakiwasha. Akalitamka jina la mwanawe taratibu, kama anamwita aje kula.

Makala ilianza na sauti ile. Hakuna muziki, hakuna mimi. Mhariri akaisikiliza, akaniandikia nyingine: mheshimiwa juu, mama chini, na ile habari ya mama kukuita akaikata kabisa, eti inaleta hisia. Akanipa nikaisome. Niliingia studio na karatasi yake nikaiweka kifudifudi, nikasoma ya kwangu mpaka mwisho. Alikuwa anagonga kioo. Nilimwona mdomo unavyocheza, sikumsikia, na nilifurahi kutomsikia.

Nimesimamishwa kazi. Mafundi mitambo wamenichangia nauli ya Litapunga. Mama yako alinipigia kutoka Kakese, akasema, "Asante, mwanangu," akakata. Na daraja? Wanakijiji wamelaza magogo mapya juu ya yale ya zamani. Watoto wanavuka. Mheshimiwa wiki hii yuko semina.

Kwa hiyo usiniambie nitulie. Bado nakukasirikia kwa kukanyaga yale magogo. Lakini nimeacha kuuliza kwa nini ulirudi. Mama alikuwa anaita.

Nakuahidi hili, na ukiona nalikwepa nijie ndotoni unichape. Masika mengine hayajaanza. Jumatatu nakwenda kukaa kwenye benchi la ofisi ya mheshimiwa, na kinasa sauti cha kuazima. Mama Anitha amesema anakuja na mimi, na akina mama wengine wa bondeni kwao wanasuka nywele tayari kwa safari. Wataongea wenyewe. Mimi nitawashikia chombo tu. Na nikitoka huko nitarudi Litapunga, nibangue karanga nyingine, mpaka siku nitakayopata neno la kumwambia yule mama akaliamini.

Kapumzike, dada yangu. Kelele tuachie sisi.

Evarist
Mpanda